Negatifu haijafa: namna ya kurudisha sura za watu wetu kutoka filimu za zamani



Juma hili hatutaongea juu ya sabuni wala juu ya deni la likelemba. Tutaongea juu ya kitu kidogo ambacho wengi wetu tulikitupa bila kukijua: negatifu. Ni zile filimu nyembamba za kahawia ao za kijivu ambazo mpiga foto wa zamani alikuwa anatupatia ndani ya bahasha, pamoja na picha zenyewe. Picha tulizibandika ukutani, negatifu tukawapa watoto wachezee. Leo picha nyingi za ukutani haziko tena. Zilibaki kwenye nyumba zilizochomwa, ao zilinyeshewa njiani wakati wa kukimbia. Kumbe negatifu zingine zingali ziko, chini ya sanduku, ndani ya mkebe wa biskuti, ndani ya Biblia.

Mama mmoja wa kikundi chetu alikuja na mkebe wa namna hiyo siku ya mkutano. Ndani yake mulikuwa vipande vitatu vya filimu. Viwili ni vya rangi, vya arusi ya mdogo wake. Kimoja ni cheusi na cheupe. Katika hicho cheusi na cheupe yumo mtoto wake wa kwanza, amevaa nguo za masomo, mwaka wa 1992, alipoingia darasa la kwanza. Mwaka uliofuata, 1993, vita vilifika milimani kwetu, jamaa wakakimbia, na mtoto huyo akafa kwa ugonjwa njiani. Picha yake ya karatasi iliungua pamoja na nyumba. Kwa zaidi ya miaka 30 mama huyu hajaona tena uso wa mtoto wake. Alitushikisha mkebe akauliza: «Walimu, munaweza kunifungulia huyu mtoto?»

Tulichanga kidogo kutoka mfuko wa kikundi, wawili kati yetu wakashuka Goma. Tulikwenda mara tatu mpaka tukafaulu. Tunawaandikia yote tuliyojifunza, ili ninyi muende mara moja tu.

Mara ya kwanza: mashini isiyofaa

Tuliingia nyumba ya fotokopi. Kijana akaweka filimu juu ya kioo, akafunga kifuniko, akabonyeza. Ikatoka karatasi nyeusi kama chini ya sufuria. Akatuambia: «Hizi zimekufa, mutupe.» Na tulilipa.

Hazikuwa zimekufa. Mashini ya kunakili karatasi inamulika karatasi kutoka chini, na mwanga unarudi. Negatifu inataka mwanga upite ndani yake, kama mwanga unavyopita katika kitambaa cha dirisha. Skana ya filimu ina taa nyingine ndani ya kifuniko, na ina fremu ya plastiki ya kushikilia filimu. Kuna skana za meza za namna hiyo, kama Epson Perfection V600, na kuna zingine ndogo za filimu peke yake. Kwa hiyo swali la kwanza kabla ya kutoa franka yoyote ni hili: «Kifuniko cha skana yenu kina taa ya filimu?» Wakisema hapana, musalimie na mutoke.

Mara ya pili: mashini nzuri, mikono ya haraka

Rafiki alituelekeza kwa mtu mwenye skana ya kweli. Alikuwa na haraka. Aliacha programu ichague kila kitu yenyewe, akawasha kila kisanduku cha «kusafisha» na «kutengeneza» alichokiona. Picha za arusi zilitoka bila vumbi lakini na rangi ya buluu iliyozidi, bibi arusi kama amepakwa wino. Picha ya mtoto ilikuwa mbaya zaidi. Kola ya shati ilikuwa imeyeyuka kama siagi, meno yamefutika, na mahali pa weupe wa macho palikuwa na mabaka. Mama aliitazama kwa muda mrefu akasema: «Huyu si wangu.» Akaifunika kwa kitenge.

Tulirudi nyumbani na aibu. Lakini sisi ni walimu. Mwanafunzi akikosa hesabu, tunatafuta ni katika mstari gani alikosea. Tuliuliza watu wanaojua kazi hiyo, tukasoma maelezo ya programu, tukaelewa makosa yalikuwa wapi.

Negatifu ni nini

Katika negatifu kila kitu kimegeuzwa. Shati jeupe linaonekana jeusi, nywele nyeusi zinaonekana wazi. Filimu ya rangi ina jambo moja zaidi: plastiki yake yote ina rangi ya machungwa, hata mahali pasipo picha. Programu inapaswa kugeuza nyeusi na nyeupe, na pia kuondoa ile rangi ya machungwa. Isipojua machungwa hayo ni ya kiasi gani, inakisia, na ikikisia vibaya, bibi arusi anakuwa wa buluu.

Filimu ya zamani nyeusi na nyeupe haina hayo machungwa. Picha yake imetengenezwa na chembe za madini ya fedha. Mukumbuke neno hilo fedha, kwa sababu ndilo lililofuta macho ya mtoto.

Kabla ya kufungua programu

Kazi kubwa iko hapa, nayo haihitaji umeme. Vumbi lisilotolewa sasa litakuwa doa jeupe kwenye paji la uso baadaye. Muoshe mikono, muikaushe vizuri. Mushike filimu kwa kingo zake tu, kamwe si katikati. Mupulize vumbi kwa kipulizo cha mpira ao mufagie polepole kwa brashi laini. Musitumie mate, wala maji, wala upande wa kitenge. Kama vipande viwili vimeshikana, musivivute, kwa sababu picha itabanduka. Muviache hivyo mpaka mupate fundi.

Filimu ina upande unaong'aa na upande usiong'aa. Maelezo ya kila skana yanasema upande gani utazame chini. Ukikosea, picha itatoka imegeuka kushoto kulia, na maneno yaliyoandikwa ukutani yatasomeka kinyumenyume. Filimu iwekwe ndani ya fremu yake, isilale juu ya kioo chenyewe. Ikigusana na kioo, picha inaweza kutoka na miduara ya rangi kama mafuta juu ya maji.

Mara ya tatu: programu ikaamriwa, haikuachiwa

Skana nyingi zinakuja na programu yao. Kuna pia programu zinazouzwa peke yake, kama VueScan na SilverFast, na zinaendesha hata skana za zamani ambazo wenye kuzitengeneza wamekwisha kuziacha. Majina ya vitufe yanatofautiana, lakini kazi ni zilezile.

Jambo la kwanza ni kuiambia programu aina ya filimu: negatifu ya rangi, negatifu nyeusi na nyeupe, ao slaidi. Inaonekana ni kitu kidogo, lakini ukichagua vibaya hapo, mengine yote yanapotea.

La pili ni ukubwa, yaani vidoti kwa kila inchi. Filimu ya kawaida, ile ya milimita 35, ina picha ya milimita 24 kwa 36. Ukiweka vidoti 2400, unapata vidoti karibu 3400 kwa 2270, jumla milioni 7 na zaidi. Ukichapisha kwa vidoti 300 kwa inchi, unapata picha ya sentimita karibu 29 kwa 19, kubwa kuliko fremu nyingi za sebuleni. Kwenye sanduku la skana wanaweza kuandika 6400, lakini skana ya meza haioni undani wote huo. Unapata faili zito tu, na muda mrefu wa kungoja wakati jenereta inakula mafuta.

La tatu ni kina cha rangi. Ukichagua biti 8, kila rangi inapata ngazi 256 kutoka giza mpaka mwanga. Ukichagua biti 16, inapata ngazi 65,536. Kwa foto mpya ya telefone, 256 zinatosha. Negatifu iliyochoka ni jambo lingine, kwa sababu mambo yake yote yamebanwa mahali padogo. Utakapoyavuta ili uso uonekane, ngazi zikiwa chache utaona mistari na mabaka kwenye mashavu. Muombe biti 16 wakati wa kuskani, kisha mupunguze baadaye.

La nne ni ile rangi ya machungwa. Katika programu nzuri unaweza kuonyesha sehemu ya filimu isiyo na picha, kwa mfano nafasi iliyo kati ya picha mbili, na kuiambia: «Hii ndiyo rangi ya plastiki, iondoe.» Kisha unaifunga ili isibadilike kutoka picha moja hadi nyingine. Tulipofanya hivyo, bibi arusi alirudia rangi yake ya ngozi. Shela likawa jeupe, migomba nyuma yake ikawa kijani. Mdogo mtu alipoziona alicheka, akatafuta majina ya wasimamizi wake mmoja mmoja.

La tano ni kile kichoro kama milima kinachoonyesha giza upande wa kushoto na mwanga upande wa kulia. Kinaitwa histogramu. Mulima ukiwa umekatwa ghafla upande mmoja, maana yake kuna sehemu za picha zimepotea katika weusi ao katika weupe. Kwa ngozi zetu hili ni jambo kubwa. Programu ikiachiwa, mara nyingi inatazama shela jeupe na kusahau nyuso, basi nyuso zinazama gizani. Musogeze alama za pembeni polepole, mpaka macho na nywele vitengane na kivuli.

La sita ndilo lililotuponza: kusafisha vumbi kwa mwanga usioonekana. Watu wanauita Digital ICE ao usafishaji wa infraruji. Skana inamulika filimu mara nyingine kwa mwanga huo. Rangi za filimu ya rangi zinaupitisha, lakini vumbi na mikwaruzo vinauzuia. Kwa hiyo programu inajua kabisa doa liko wapi, na inalijaza kwa rangi za jirani. Kwa picha za arusi, hii ni kazi nzuri sana. Muanze na kiasi kidogo, muongeze ikihitajika.

Lakini chembe za fedha katika filimu nyeusi na nyeupe zinazuia mwanga huo sawasawa na vumbi. Programu inaona fedha na kudhani ni uchafu. Na fedha iko nyingi wapi? Mahali palipokuwa peupe siku ya kupigwa: kola ya shati, meno, weupe wa macho. Programu iliona macho ya mtoto kama vumbi, ikayafagia. Kwa filimu nyeusi na nyeupe ya zamani, muzime kitu hicho kabisa. Madoa mutayatoa baadaye kwa mkono, moja moja, katika programu ya kutengeneza picha, ao mutayaacha.

La saba ni kusoma mara nyingi. Programu zingine zinaweza kusoma kila mstari mara kadhaa, kisha kutafuta wastani, ili chembechembe zinazorukaruka katika sehemu za giza zipungue. Inafaa kwa negatifu nzito sana. Kama kuna chaguo, muchague kusoma mara nyingi ndani ya safari moja. Mkono wa skana ukirudi mwanzo kwa safari ya pili unaweza kukosa mahali pake kidogo sana, na picha ikawa na ukungu.

La nane ni kunoa picha na kufuta chembechembe. Viwekwe sifuri wakati wa kuskani. Vinoe mwishoni, kidogo, baada ya kujua picha itachapishwa kwa ukubwa gani. Aliyezidisha kunoa amechonga nyuso kama vinyago, na aliyezidisha kufuta chembe amezigeuza kuwa sabuni.

La mwisho ni faili. Muombe TIFF kwa kuhifadhi, kwa sababu haipotezi kitu. Picha moja ya rangi, ya vidoti 2400 na biti 16, ina uzito wa karibu megabaiti 46. Muombe pia JPEG, nyepesi, ya kutuma kwa telefone. Mutoke na zote mbili ndani ya flashi yenu wenyewe.

Siku mtoto alipofunguka

Safari ya tatu mama alikataa kubaki. Alipanda pikipiki pamoja nasi, mkebe kifuani. Tulimuomba mwenye skana azime usafishaji, achague nyeusi na nyeupe, vidoti 2400, biti 16. Safari hii hakukasirika, akatuachia tukae kando yake na kuonyesha kwa kidole.

Picha ilikuja polepole kutoka juu kwenda chini. Kwanza nywele, kisha paji, kisha macho. Mama hakusema kitu mpaka ulipofika mdomo, na jino moja la mbele halipo. Akasema: «Ndiye. Lile jino lilitoka wiki ileile, alilitupa juu ya nyumba.»

Kulikuwa madoa ya vumbi mengi juu ya shati na mkwaruzo mmoja shavuni. Mwenye skana akauliza kama autoe. Mama akasema atoe ule wa shavuni tu, mengine aache, njia waliyopita ilikuwa ya vumbi. Alichapisha picha mbili. Moja iko kwake, nyingine alimpelekea binti yake, aliyezaliwa baada ya hapo na hakuwahi kujua kama ana sura ya kaka yake. Anayo.

Tusisahau kwamba foto ni ya watu

Katika mkoa wetu picha inaweza kufariji, na inaweza pia kuletea mtu taabu. Kabla ya kutuma picha ya zamani katika kikundi cha WhatsApp, mutazame waliomo. Kama kuna mtu mwenye silaha, ao jirani ambaye leo hajulikani yuko upande gani, picha hiyo ibaki ndani ya jamaa. Muulize wanaohusika. Na mwenye skana asibaki na nakala, mumuombe afute mbele yenu.

Lakini musifiche zote. Baada ya mwaka wa 1994, Msalaba Mwekundu na UNICEF walitumia picha kutafuta jamaa za watoto waliopotezana na wazazi wao katika eneo letu la Maziwa Makubwa. Uso mmoja juu ya karatasi unaweza kumrudisha mtu nyumbani.

Kutunza negatifu zenyewe

Mukishaskani, musitupe filimu. Flashi inaweza kuharibika kesho, lakini filimu iliyotunzwa inaweza kuskaniwa tena. Kule Zanzibar kuna studio ya foto, Capital Art Studio, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka wa 1930. Leo watu wanaona mji wa zamani kwa sababu picha hizo zilitunzwa. Kule Bamako, Seydou Keïta alihifadhi negatifu zake miaka mingi, na katika miaka ya 1990 dunia ikazijua.

Huku kwetu adui ni unyevu na kuvu. Kwa hiyo muziweke ndani ya bahasha ya karatasi, si ndani ya mfuko wa plastiki unaofunga jasho. Ziwe mbali na jiko na mbali na ukuta unaolia maji wakati wa mvua. Vile vifuko vidogo vya kukausha vinavyokuja na viatu vipya vinasaidia ndani ya mkebe. Filimu ikinuka kama siki, imeanza kuoza: iitenge na zingine, na hiyo ndiyo ya kuskani kwanza. Juu ya kila bahasha muandike kwa kalamu ya risasi majina, mahali na mwaka. Waulizeni wazee leo, wakiwa bado wanawakumbuka waliomo.

Na asiyeweza kufika Goma? Achukue tableti ao telefone iwe na kioo cheupe kabisa, mwanga umejaa. Ainue filimu sentimita chache juu yake ili vidoti vya kioo visionekane, azime taa zingine, aipige foto karibu kwa telefone ya pili, kisha ageuze rangi katika programu ya picha. Haitakuwa kama ya skana, lakini utajua nani yuko ndani, na kama safari ya Goma inafaa.

Maswali ya kubeba mfukoni

1. Kifuniko cha skana kina taa ya filimu?
2. Filimu hii ni ya rangi ao nyeusi na nyeupe, na umeiambia programu?
3. Umezima infraruji kwa nyeusi na nyeupe?
4. Ni vidoti 2400 na biti 16?
5. Umeondoa machungwa kwa kuonyesha filimu isiyo na picha?
6. Utatupatia TIFF na JPEG, na kufuta nakala yako?

Mkutano ujao tutaleta bahasha za karatasi na kalamu za risasi. Kila mama atafute kwake, chini ya godoro na ndani ya mikebe. Atakayepata hata kipande kimoja, asikipulize kwa mdomo, aje nacho hivyohivyo. Mubaki salama.